Sarafu Niliyomwambia ni ya Kawaida

Jumamosi, 3 Februari 2001

Daktari kasema moyo umechoka. Kasema kwa upole, kama mtu anayerudisha kitabu alichoazima. Nna miaka sabini na nne. Nimefundisha hisabati miaka thelathini, Unguja kisha hapa Maskati. Kutoa najua.

Restituta, binti wa Bukoba anayenitunza, kanipangia mito mitatu mgongoni. Kanisogezea sinia la sarafu bila ya kuambiwa. Dola za Kimarekani za chuma, mia na kitu, zote za miaka ya sabini na themanini. Nazitazama kwa lenzi mpaka usingizi unanichukua, na usingizini bado nazitazama.

Huku Wadi Kabir gereji haziishi kugonga mabati. Ko, ko, ko. Leo alasiri niliona ni mtambo wa sarafu, uko chini ya kitanda changu, unanipigia miezi. Mmoja mmoja. Mizuri!

Jumanne, 6 Februari

Watu hudhani sarafu za mwaka mmoja ni sawa. Si sawa. Kila moja hugongwa baina ya vyuma viwili vilivyochongwa, na chuma kikibadilishwa katikati ya mwaka, hutoka ndugu wasiofanana. Dola ya 1979, yenye kichwa cha mwanamke aliyefunga nywele: zile za mwanzo zina ukingo mwembamba, na tarakimu za mwaka zimekaa mbali nao. Za baadaye zina ukingo mnene, mwaka karibu uuguse. Hizo ni adimu. Basi. Tofauti ya unywele.

Upande wa pili tai anatua mwezini. Juu yake iko dunia, ndogo kama kifungo cha kanzu. Mchana nilikuwa huko. Nna viatu vya skuli, vumbi halina sauti. Nikamuona Zakiya kwa mbali, kanipa mgongo. Sikumwita.

Niandike sasa, maadamu mkono unatii.

Zakiya ni shoga yangu tangu tuko wasichana. Mumewe, marehemu Sleiman, alirudi masomoni Marekani na soksi imejaa dola hizi. Mwaka 1995, sote wawili wajane, Zakiya akasema tugawane, iwe burudani yetu. Tukakaa mezani kwake Hamriya, moja yako moja yangu. Akashika moja katika fungu lake, chafu, nyeusi. "Nawar, nitazamie. Macho yangu si ya vitu vidogo."

Nikaitazama. Ukingo mnene. Mwaka karibu uuguse. Kitabu cha sarafu nilikuwa nacho mimi peke yangu, na nilikuwa nimeshakisoma.

Nikamwambia: "Ya kawaida hii, tena chafu. Nipe miye, nikupe yangu inayong'aa."

Akanikumbatia!

Ndiyo hiyo. Thamani yake haitoshi hata jozi ya viatu vizuri. Wala sikutaka kuiuza. Nilitaka iwe kwangu tu.

Alhamisi, 8 Februari

Kaja Zakiya. Anakwenda Hija mwezi huu na mwanawe Ishaq, na kama ilivyo desturi anazunguka nyumba hadi nyumba kutaka radhi. Ngazi zimemshinda, akakaa kitandani kwangu anahema.

"Umekonda, bibie. Unataka kunitangulia?"

"Nakungoja uje na zamzam."

"Basi ningoje kweli. Dumu lenyewe zito, usije ukanibebesha bure."

Tukacheka mpaka mimi nikakohoa. Kisha akanishika mkono.

"Nawar, tumeishi sana. Nilichokukosea, nilichokusengenya, nisamehe."

"Nimekusamehe."

"Nami nimekusamehe yote. Unayoyajua na usiyoyajua."

Hapo ndipo pa kusema. Nikasema, "Amin."

Kama hilo halitoshi, akamgeukia Restituta. "Unaijua roho ya huyu bibi yako? Dola yake nzuri kanipa miye, kachukua kichafu changu! Kajinyima! Kila mgeni wangu namuonesha."

Restituta akanitazama kwa mapenzi. Nikaomba maji.

Ijumaa, 9 Februari

Kutwa nimelala. Adhana zinapita juu yangu kama mawingu. Mungu husamehe lake. La mja ni la mja. Lakini kasema yote! Yote si yote?

Si yote. Radhi ile nayo nimeichukua vile vile. Kanipa mwenyewe kwa mkono wake, asijue anatoa nini.

Jumatatu, 12 Februari

Restituta aliungama juzi kanisani kwao Ruwi. Nilimuuliza, anamwambia padri kwa jumla, "nimekosa," yakaisha?

Akacheka, kijiko cha dawa mkononi. "Bibi! Ingekuwa hivyo si foleni ingekwisha dakika mbili! Unataja. Moja moja. Padri wetu ukimwambia umekosa mengi, anakuuliza, 'Mengi yapi, mama?'"

"Na ukiona haya?"

"Hiyo haya ndiyo yenyewe. Haya, meza."

Nikameza.

Alhamisi, 15 Februari

Pumzi fupi. Miguu imevimba, si yangu tena.

Nimeota sinia limejaa nyuso za Zakiya. Wa miaka kumi. Wa siku ya harusi. Wa ndani ya eda, macho mekundu. Nazipindua moja moja kwa lenzi, natafuta iliyo adimu. Kila nikipindua, nyuma ni mwezi mtupu.

Basi la mahujaji linaondoka Jumapili. Sijui kama nitakuwepo akirudi. Yeye anadhani nitakuwepo.

Jumapili, 18 Februari

Naandika upesi. Zakiya yuko chumba cha pili anasali Adhuhuri. Mlango kauacha wazi. Ishaq yuko chini garini, anapiga honi.

Alikuja kuniaga. Nilimtia sarafu ile kiganjani kabla hajakaa, nikamwambia. Ukingo, kitabu, neno lile "ya kawaida" — vyote. Sauti ilinitoka nyembamba, lakini ilitoka.

Hakulia. Hakunitukana. Sarafu hata hakuitazama.

"Wageni wangu wote nimewaambia una roho nzuri," kasema. "Miaka sita."

"Najua."

"Kila mmoja, Nawar. Mpaka mafundi wa maji."

Nikataka kucheka, nikaona yeye hacheki. Akaiweka sarafu juu ya shuka, taratibu, baina yetu.

"Siku ile nilisema nimekusamehe yote. Nairudisha kauli yangu. Siendi Makka nimesamehe nisichokijua. Nikimaliza kusali utanambia moja moja. La sarafu nimeshalisikia. Nataka mengine."

"Hakuna mengine, wallahi—"

"Usiape! Shoga, tuna zaidi ya miaka sitini. Tafuta."

Honi. Akafungua dirisha, akampigia kelele mwanawe: basi lisipongoja, litakwenda bila ya yeye! Kisha akenda kutia udhu.

Hakuna mengine. Hivyo ndivyo nilivyodhani, na nilikuwa mkweli. Lakini tangu maji yaanze kumwagika bafuni yananijia, pole pole, kila moja na sura yake. Harusi ya Ishaq, nilijitia mgonjwa kwa sababu ya nguo. Barua moja ya Zakiya niliyoifungua kwa mvuke wa birika. Na mtihani ule wa skuli — aliyemsemea kwa mwalimu ni mimi. Alichapwa mbele ya darasa. Miaka yote akidhani ni binti mwengine, mpaka binti yule akafa bila ya kusalimiana naye.

Hilo sikulisahau. Nililiweka mahali nisipopita.

Restituta kasimama mlangoni kwa jikoni, kajitia anakunja taulo. Taulo hiyo hiyo moja, mara ya tatu.

Rakaa ya nne sasa. Zakiya amesujudu, amekaa. Namuona kidole chake cha shahada.

Anatoa salamu, anageuza uso kulia.

Sasa kushoto —