Kosa la Arkesandro ni Kutolia

Damoni, nimetoka mahakamani sasa hivi.

Wamemhukumu kifo! Mwalimu wetu Arkesandro! Eti anadharau miungu na kupotosha vijana.

Unajua kilichomponza? Hakulia. HAKULIA, Damoni!

Jana yule mwizi wa majoho alileta watoto wanne wakatulilia sisi waamuzi. Wawili walikuwa wa kuazima, Athene nzima inawajua. Tukamwachia!

Leo Arkesandro kasimama peke yake. Mtu akapiga kelele, "We mzee, watoto wako wako wapi?"

Akajibu, "Nyumbani, wanakula. Kwani mliapa kupima haki au machozi?"

Weee! Ukumbi ulilipuka. Watu wazima na ndevu zao wamenuna kama watoto walionyimwa asali.

Nje nikamuuliza Smikrio, yule muuza samaki, mwamuzi mwenzangu, kura yake kaitupa wapi. Hana hata haya: "Nimemtia hatiani. Nimekuja na huruma yangu tele, ndugu yangu, halafu mtu anakataa hata kuiomba? Kiburi hicho!"

Kiburi. Kaniambia hivyo, mkavu kabisa.

Kesho mwalimu anakunywa sumu. Na unajua nani kakaa hapa kwenye ngazi, analia kama mfiwa?

Smikrio.