Hoho za Mama Neema

Mama Neema,

Ni mimi, mume wako. Sijui mtu akifa anaandikiwa vipi. Hujambo siwezi kukuuliza.

Neema hali chakula. Tangu tukuzike ni uji tu. Nikitoka mwaloni Kibirizi kubeba magunia ya dagaa nampikia sombe, kile kisamvu cha kwenu. Majani naweka, mawese naweka, hoho naweka, nazikata duara kama mama ntilie. Anaonja, anasukuma sahani. "Siyo ya mama." Sasa ya mama ni ipi? Vitu si ni vilevile? Nimechanganyikiwa.

Mama yako kapata kibali cha kutoka kambi ya wakimbizi, akaja. Kuona mtoto alivyokonda, akasema anaondoka naye, akakae kambini na wajomba zake. Unajua mimi na yeye hatutazamani, mkwe ni mkwe. Akiwa uani, mimi napita mbele.

Jana nimeshika kisu jikoni nikate hoho, yeye kakaa nje, kanipa mgongo. Akamwita mtoto. "Neema, mwambie baba yako atoshe mbegu."

Neema akaja mbio. "Baba, toa mbegu."

"Mwambie asikate. Atwange na kitunguu, pamoja na majani."

"Baba, twanga!"

Nikatwanga. Jirani akachungulia: "Shemeji, umeolewa lini?" Nikamwambia apite. Miaka yote nakusikia ukitwanga, nikajua ni majani peke yake.

Neema anaenda, anarudi, anacheka. "Baba, bibi anasema unatwanga kama unagombana na mtu."

Akala. Akaongeza. Ila sielewi. Amekula kwa sababu ya hoho, au kwa sababu bibi yake yupo? Nikamuuliza. Akasema, "Ni ya mama, ila ina chumvi."

Leo asubuhi kibali kimekwisha. Mama yako akafunga mzigo wake. Nguo za Neema hakuzigusa. Akasema, mgongo umenielekea, "Neema, mwambie baba yako ubaki naye. Nitakuja kuonja."

Nikaushukuru ule mgongo. Nikakaa chini, machozi yakatoka. Sijui ni ya furaha au ni yako. Mtoto ananiuliza, "Baba, moshi?" Nikasema ndiyo.

Basi lala, mke wangu. Neema yuko kwangu, nitamlisha kwa mikono yangu. Hilo nakuahidi. Mengine bado siyajui.

Mume wako