Mwalimu Lorraine Thibault na Tone la Kwanza

Ni mwaka sasa, Mama, tangu ututoke Machi ile, ndoo za kukingia utomvu zikiwa zinaning'inia mitini. Naandika mimi, Gilles, kitindamimba wako, kwa sababu katika nyumba hii ni mimi peke yangu nisiyelia. Mwaka mzima, hata chozi moja. Wenzangu wakishika kalamu, karatasi inalowa.

Siku uliyoanguka jikoni utomvu ulikuwa ukitiririka. Hakuna aliyekumbuka ndoo. Zilijaa, zikafurika juu ya theluji siku tatu. Ungetugombeza wote.

Miaka thelathini na mmoja ulifundisha sayansi darasa la tatu, na ubao hukuupenda. "Msiniamini mimi," uliwaambia watoto, "nendeni mkashike wenyewe." Sumaku na maharage yaliyoanza kuota vilikutoka mifukoni hata kanisani. Kila baridi ilipoanza kulegea uliwapeleka nyuma ya shule kugema miti ya sukari, ile ambayo utomvu wake huchemshwa ukawa shira. Walipima, wakatoboa, kisha vichwa ishirini vikabanana juu ya ndoo tupu kusikiliza tone la kwanza. Tang! Nawe ulipiga makofi kana kwamba hujawahi kulisikia.

"Sasa andikeni mlichokiona. Si mlichotaka kukiona."

Baba bado anasoma kipimajoto cha dirishani kwa sauti kila asubuhi, halafu anangoja umsahihishe.

Mwaka huu watoto waliuliza nani atatoboa. Nikajitosa, si unanijua. Nilipofungua sanduku lako la zana nikaikuta kekee, na kwenye ncha yake kile kipande cha utepe ulichokibandika nilipokuwa na miaka minane, siku niliyotoboa mti nusura nitokee upande wa pili. Mwandiko wako haujafutika: "Ishia hapa, Gilles."

Nikaishia hapo. Watoto wakangoja.

"Anko, vipi, mti umekushinda?" akauliza Odette, mjukuu wako, ambaye sasa yumo katika darasa lililokuwa lako.

"Moshi tu umeniingia machoni," nikasema, nikatoboa. Tang.

Wanakukumbuka mumeo Armand, binti yako Céline na mkweo Dale, mjukuu wako Odette, dada yako Jeannine, na mimi. Maadamu miti ile ina utomvu, hatutakusahau kamwe.

Odette amelisoma tangazo hili kabla sijalipeleka gazetini.

"Anko, umedanganya."

"Wapi?"

"Hapo mwanzo. Na hapo kwenye moshi. Moto wa kuchemshia utomvu tulikuwa hatujauwasha."

"We mtoto, nani kakutuma unichunguze?"

"Bibi," akasema, akanifungulia daftari lake la sayansi:

"Saa nne asubuhi. Nyuzi joto tano. Utomvu unatiririka. Anko Gilles pia."