Plagi Nyuma ya Friji

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumamosi mchana, 14 Juni.

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo lakini? Wifi yangu hajambo? Na wanangu hao wawili wanaendeleaje na shule, na yule mdogo kifua kimemwachia? Sisi huku tunakula, tunalala, tunagombana kidogo, kwa hiyo sema hatujambo. Mama amerudi kutoka hospitali na anakusalimu sana. Baba naye anakusalimu, ingawa yeye anasema salamu za simu zinatosha, barua ni za watu wenye nafasi.

Asiye na raha ni mimi. Barua hii nimeianza nikaiacha, nikainuka kwenda kutazama friji, nikarudi nikasahau nilikuwa nasema nini. Ukiona mwandiko umekwenda upande, ujue nilisikia kitu kimelia jikoni. Ulizoea kuniita Kiherehere. Ungeniona siku hizi ungenitafutia jina kubwa zaidi.

Naandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Simu ya nyumba hii inasikilizwa na kila mtu, na Baba anakaa pembeni kabisa akingoja zamu yake. Juzi uliponiuliza Mama alizidiwa na nini, nikakujibu kwamba ni sukari tu, nilikuwa namtazama Baba usoni. Si sukari tu, Kaka. Kaa chini nikueleze.

Unajua umeme wa huku ulivyo. Unaondoka bila kuaga, na ukirudi unarudi na nguvu za ajabu. Ndivyo umeme huo ulivyoiunguza ile televisheni uliyotuletea wewe. Ilitoa moshi, ikanuka, basi, ikawa imekwisha. Aliyeumia kuliko sote ni Baba. Mtu ametunza mitambo ya kiwanda cha kuchapa magazeti mpaka akastaafu, leo televisheni inamfia sebuleni ameketi mbele yake! Toka siku hiyo akatunga sheria. Umeme ukikatika, yeye anazunguka nyumba nzima anachomoa plagi zote, na haruhusu hata moja irudishwe mpaka umeme urudi, auangalie kwanza kwenye taa ya ukumbini, aridhike kwamba umetulia. Majirani wakamwita Mzee Swichi. Analipenda sana jina hilo, ila usimwambie nimekwambia.

Mimi alishanikuta na mteja hapa chumba cha mbele nilikofanya saluni, kichwa kimo ndani ya draya ya kukaushia nywele, akapita akachomoa bila hata salamu. Mteja akaondoka nusu kakauka nusu kaloa, na hajarudi mpaka leo. Nikasema potelea mbali, mradi vitu viko salama. Na kweli, toka hapo hakijaungua kitu.

Tatizo ni friji. Chakula tulishaacha kuweka humo kwa sababu ya huku kukatika-katika, kinaharibika bure. Imebaki dawa ya sindano ya Mama, ambayo haitaki joto, na chupa ya maji. Ili kulilinda friji hilo tulinunua kikasha fulani. Kikasha kinachomekwa ukutani, halafu plagi ya friji inachomekwa kwenye kikasha. Umeme ukiwa mbaya kinauzuia, ukiwa mzuri kinawasha taa ya kijani. Basi nyumba nzima tukazoea kutazama taa ile. Ukipita jikoni ukaiona, unajua friji linafanya kazi, unaendelea na safari zako. Huo ndio ujinga wetu. Taa ile inawaka hata kama friji lenyewe halijachomekwa!

Mama akaanza kupungua. Maji anakunywa hayamtoshi, nguo zinamlegea, na yeye aliyekuwa anatunga uzi kwenye sindano bila miwani akawa ananiita nimsomee majina kwenye simu. Sindano anajichoma kila siku bila kukosa, chakula anajichunga. Mwishowe miguu ikakataa bafuni, tukambeba kwenda hospitali. Daktari aliuliza yote, kila jibu likawa sawa. Akauliza dawa tunaiweka wapi. Nikasema kwenye friji. Akauliza kama friji lina baridi. Kaka, nilimjibu kwa kiburi, kama mtu aliyetukanwa. Nikamwambia taa inawaka.

Nilirudi nyumbani mbio nikafungua mlango wa friji. Ndani giza, na chupa ya maji ilikuwa vuguvugu. Nikamwita fundi wa friji wa pale kona. Akajipenyeza nyuma, akatoka anacheka, akasema friji ni zima kabisa, ila halijachomekwa. Plagi ilikuwa inaning'inia na vumbi juu yake. Baba akawaka. Akasema ni watoto, watoto wamechezea plagi. Watoto gani? Mtoto wa mwisho kuchezea plagi humu ndani nilikuwa mimi! Fundi akaacha kucheka, akakusanya bisibisi zake, akakataa hata chai.

Halafu nikiwa nimesimama pale ndipo kitu kingine kikanipiga. Friji lile linafunguliwa na Mama kila siku, na ni Mama peke yake. Yeye hakuona giza? Hakushika ile chupa?

Aliona. Aliniambia mwenyewe pale kitandani hospitali, macho ameyapeleka dirishani. Baba anasahau, Kaka, na hakuanza jana. Anachomoa vizuri, kurudisha ndiko kunakompotea. Mwanzoni Mama alikuwa anangoja atoke, anainama nyuma ya friji anachomeka mwenyewe. Magoti yakaanza kumsumbua, hawezi tena kuinama kule. Siku moja akamuuliza Baba kama amelichomeka. Baba akaenda, akasimama nyuma ya friji muda mrefu, kisha akarudi akamuuliza Mama, "Hivi mimi nilikwenda kufuata nini kule?" Mama hakumuuliza tena. Akawa anajichoma dawa ile ile iliyopata joto na kuomba Mungu, kwa sababu sisi watoto tukijua tutamnyang'anya Baba kazi yake hiyo ya plagi, na kazi nyingine hana.

Nilikasirika sana. Nilimuuliza, yaani Mama, ufe kwa kumstahi mwanamume? Akanigeukia, akaniambia huyo si mwanamume, huyo ni mume wangu. Nikatoka nje nikalia karibu na mabomba, wauguzi wananipita.

Dawa mpya nimeiweka kwenye friji la nesi jirani yetu, na sukari ya Mama imeanza kushuka, kwa hilo tulia. Baba nilimdanganya kwamba hospitali ndiyo iliyoagiza. Alinitazama tu, akaenda zake.

Sasa hii habari yako ya betri kubwa unayotaka kutununulia ili umeme usikatike kabisa humu ndani. Asante sana, Mungu akuzidishie, wateja wangu watakauka vichwa. Lakini betri italinda friji, italinda draya, Baba haitamlinda. Nilimnong'oneza daktari, akasema Baba aletwe apimwe, kuna usahaulifu mwingine una sababu yake na unatibika. Mimi nikimgusia ananitolea macho. Mama ndiye hataki hata kusikia. Nilitaka nikuombe wewe mkubwa umwambie kwa simu, hata akikufokea, ili

Umeme ulikatika hapo hapo nilipofika. Nimerudi sasa, nisamehe.

Nilisikia ndala zake ukumbini. Akachomoa redio, akaingia humu akachomoa draya, akatoka. Halafu ndala zikasimama. Nikachungulia. Alikuwa amesimama ukumbini kiganja kikiwa ukutani, anatazama chini. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, kuna kingine?"

Baba huyu, Kaka! Mimi toka nizaliwe hajawahi kuniuliza chochote kinachohusu mashine. Nikamwambia liko friji. Tukaenda wote wawili, nikainama mimi, yeye akanimulikia tochi. Umeme uliporudi tulikaa jikoni tukiungoja utulie. Aliponiruhusu nikachomeka plagi, na yeye akaweka kiganja kwenye mlango wa friji mpaka akausikia mngurumo wake. Akauliza kama hiyo barua nakuandikia wewe. Nikasema ndiyo.

Akasema, "Mwambie hayo mabetri yasubiri. Mnanong'ona humu ndani, mimi nasikia. Mama yenu aliumwa kwa ajili yangu, hilo nalo nalijua. Mwambie aje yeye anipeleke kwa huyo daktari. Peke yangu naogopa."

Nimeandika kama alivyosema, sikuongeza wala kupunguza. Sina tena la kukushauri. Omba ruhusa kazini, kopa nauli, fanya unavyojua, lakini njoo.

Nisalimie wifi, mwambie asikasirike nikikuondoa nyumbani kwake ghafla. Wabusu wanangu, mkubwa kwanza maana ana wivu. Nesi jirani anakusalimu, na Mama anasema uvae nguo nzito huko. Mungu akutangulie njiani na akufikishe ukiwa mzima.

Ni mimi mdogo wako, anayekupenda na kukusumbua,

Kiherehere.

Kabla sijafunga bahasha Baba amekuja tena mlangoni. Ameniuliza kama nimeshakuandikia wewe kwamba uje. Ameuliza kama vile hajapata kuniambia. Nimemwambia bado, Baba, niambie niandike nini, akayasema yote upya, na alipofika pale pa kuogopa akasita, kisha akalisema hilo nalo tena.