Nikihesabu wageni wa tovuti, kila njia inanipa jibu jingine

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla kichwa changu hakijapasuka, na ukiona mambo ninayoyaeleza yamepindana tafadhali univumilie, kwa sababu ndivyo yalivyo hata ndani ya kichwa chenyewe.

Mimi ni mama wa watoto wawili na nimeajiriwa na kampuni inayouza cherehani na vipuri vyake, ambako kazi yangu ni kutayarisha taarifa ya tovuti yetu, yaani kusema ni watu wangapi walioitembelea, walisoma nini, na kama walirudi. Tovuti hiyo ina sehemu mbili, duka, ambako watu wanatazama mashine na bei, na masomo ya ufundi, ambako mtu anafundishwa kuifungua cherehani iliyokwama, kuisafisha na kuifunga tena, na masomo hayo anayeyaandika ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu (si ile ya mtandao, ofisini wameshanichosha kwa utani huo), ambaye ndiye aliyenitafutia kazi hii na ambaye tunaishi naye nyumba moja, chumba chake na chetu vikitenganishwa na ukuta mwembamba.

Sasa mkurugenzi anataka kuifunga sehemu moja ili aikuze nyingine, na amesema ataamua kwa taarifa yangu katika mkutano wa mwisho wa mwezi. Nikihesabu wageni, duka linashinda, tena wengi wao ni wapya na wanazidi kuongezeka. Nikihesabu ziara, yaani kila mara mgeni anapoingia, masomo yanalikaribia duka. Nikihesabu muda ambao kurasa zimekaa wazi, masomo yanaliacha duka mbali sana, kwa hiyo nina taarifa tatu za tovuti moja, zote za kweli, na hazisalimiani.

Nilimwendea fundi wa mitambo wa ofisini, ambaye tunamwita Profesa kwa sababu hajibu swali bila kuuliza lake.

"Profesa, mgeni ni nani?"

"Wewe unamtaka yupi?"

"Mtu. Binadamu mwenye miguu."

"Huyo sinaye," akasema huku anamenya karanga. "Mimi nina kivinjari, hicho kidirisha unachofungulia mtandao. Kikija mara ya kwanza, tovuti inakiachia alama. Kikirudi na alama yake, tunakijua. Kikirudi bila alama, ni mgeni mpya."

"Na mtu akitumia simu asubuhi na kompyuta mchana?"

"Wageni wawili."

"Na watu kumi wakikaa mbele ya kompyuta moja?"

"Mgeni mmoja. Chukua karanga."

Nilitoka pale sijui hata mimi mwenyewe ni wangapi. Nikaenda kwa mkurugenzi kumweleza kwamba jambo hili lina utata, naye akanikatiza, "Binti, usiniletee darasa. Niletee namba moja." Namba anayoipenda ni ile ya wageni wapya, na siwezi kusema kwamba haijali tovuti, kwa sababu aliagiza kompyuta zote za ofisini na za matawini zikiwashwa zifungue ukurasa wa duka moja kwa moja, ili wafanyakazi waipende tovuti yao, na jioni Profesa anazifuta kumbukumbu zote za vivinjari kwa ajili ya usalama, na tangu matawi mapya yaanze kufunguliwa mkurugenzi anaitazama ile chati inavyopanda kama mtu anayemtazama mwanawe akitembea kwa mara ya kwanza.

Nyumbani nako hakukaliki. Juzi tulikuwa tunaanua nguo, wifi akaanza.

"Wifi, nasikia una taarifa tatu."

"Ninazo."

"Basi mpelekee ile ya muda."

"Lakini ukurasa unaweza kukaa wazi na mwenyewe ameenda kulala."

"Na dukani je, mtu hawezi kuingia kwa bahati mbaya akatoka? Mbona hilo hulisemi?" Akakung'uta shuka karibu linipige usoni. "Mwalimu wa chuo cha ushonaji alinipigia simu kunishukuru. Darasa zima linasoma masomo yangu kwenye skrini moja. Hao kwenye taarifa yako wako wapi?"

Kisha akalikunja lile shuka polepole, akasema, "Nilikuingiza kwa mlango wa mbele, wifi. Usinitoe kwa mlango wa nyuma."

Mume wangu nikimwuliza, anasema yule ni dada yake na mimi ni mkewe, kwa hiyo yeye anahesabu kitu kimoja tu, amani, kisha anageukia ukutani analala. Mshauri, nipeleke taarifa ipi? Nikipeleka ya wageni, wifi anakosa kazi. Nikipeleka ya muda, nahisi nimeupindisha ukweli kwa ajili ya undugu. Nikipeleka zote tatu, mkurugenzi atasema siijui kazi yangu, na pengine atakuwa amesema kweli.

Mimi, Mhesabu Wageni

*

Mhesabu Wageni,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza nikitafuta nukta. Pole kwa mzigo ulionao. Kuchanganyikiwa kwako kuna heshima kuliko uhakika wa mkurugenzi wako, lakini hakukuondolei wajibu, kwa hiyo kaa sawa unisikilize.

Unauliza upeleke taarifa ipi kabla hujajiuliza kila moja inajibu swali gani. Mkurugenzi anataka kujua ni sehemu ipi inayowafaa watu. Wewe umehesabu vivinjari, ukaviita watu. Profesa alikuambia waziwazi kwamba binadamu hanaye; ukala karanga zake, ukaondoka, na neno "watu" ukaliacha kama lilivyokuwa.

Sasa isome tena barua yako mwenyewe. Kompyuta zenu zikiwashwa asubuhi zinafungua duka. Jioni zinafutwa alama. Kesho yake zinaingia tena kana kwamba hazijawahi kufika. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wako hafikishi hata siku ya pili, kila asubuhi kwake ni ya kwanza. Mnajipigia hodi na kujikaribisha wenyewe, na kila tawi likifunguliwa hodi zinaongezeka, naye mkurugenzi anashangilia. Sisemi duka halina wageni. Nasema wewe hujui, kwa kuwa hujawaondoa wenyeji.

Halafu kuna lile darasa la ushonaji lililosongamana mbele ya skrini moja, nawe ukaliandika mgeni mmoja. Hilo nalo si haki. Lakini usikimbilie kufurahi, kwa sababu chuo kimoja hakisemi kwa niaba ya wote, na ukurasa ulioachwa wazi si msomaji. Wifi yako ana haki ya kuhesabiwa vizuri. Hana haki ya kukuchagulia hesabu.

Kwa hiyo nenda kwa Profesa, mwambie aziondoe kompyuta zote za kampuni kwenye hesabu, kwa duka na kwa masomo pia. Wifi yako hufungua masomo yake anapoyaandika na kuyasahihisha, usiniambie hafungui. Chini ya kila sehemu weka swali fupi: umepata ulichokitafuta, na mnatazama mkiwa wangapi? Watakaojibu watakuwa wachache, tena si lazima wafanane na wale walionyamaza, nawe useme hivyo katika taarifa. Palipoandikwa "watu" andika "vivinjari", hata kama neno hilo halipendezi mkutanoni. Mkurugenzi akidai namba moja, mwulize kwanza anauliza swali gani, kisha umpe namba moja ya swali hilo. Mwombe asiamue mpaka hesabu hii mpya ipate muda wa kukusanyika. Na umwambie kwa kinywa chako kwamba mwandishi wa masomo ni wifi yako, hata kama analijua hilo, na kwamba unaomba mtu mwingine aipitie kazi yako. Akisema huijui kazi yako, mwonyeshe zile kompyuta zake asubuhi moja tu.

Mumeo mwambie kwamba amani haipatikani kwa kugeukia ukutani, hasa ukuta wenyewe ukiwa mwembamba kiasi hicho.

Linalobaki ni gumu kuliko yote, nalo ulifanye leo. Mwambie wifi yako hivi: "Wifi, sitakutoa kwa mlango wa nyuma, wala sitakuingiza kwa mlango huohuo. Nahesabu upya, na itakavyotoka ndivyo nitakavyosema." Atanuna. Kwa muda kila mmoja ataanua nguo zake. Vumilia. Hesabu safi ikimtetea, hakuna atakayesema alitetewa na undugu. Isipomtetea, ataumia, nawe utaumia pamoja naye; lakini atakuwa ameshindwa na wageni wa kweli, si na kompyuta za ofisi zilizokuwa zikijipigia hodi.