Rufaa ya Mzee Benedikto, Aliyemsindikiza Afisa

KIKUNDI CHA WATU WENYE ULEMAVU, MKUYUNI
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA
Tarehe: 11 Machi 2025
Mahali: Ofisi ya kijiji, kando ya barabara
Waliohudhuria: Mikidadi (Mwenyekiti), Raya (Katibu), Sufiani, Benedikto
Asiyehudhuria: Irene (anauguza)

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:25 badala ya saa 3:00 asubuhi. Sababu haikutolewa.

KUMB. NA. 2/2025: OMBI LA RUZUKU
Mwenyekiti alieleza kwamba ombi la Mzee Benedikto, asiyeona tangu utotoni, limekataliwa. Afisa aliyemtembelea nyumbani ameandika: "Anajimudu." Mwisho wa kupokea rufaa ni Ijumaa.

Mzee Benedikto alikiri kwamba siku hiyo mvua ilinyesha, njia ikawa inateleza, naye akamteremsha afisa hadi barabarani, mkungu wa ndizi za mgeni begani. "Mgeni haachwi ashuke peke yake, wanangu. Kaanguka mara mbili, mimi ndiye namwinua."

Wajumbe walicheka. Mwenyekiti hakucheka. Sufiani alisema kosa ni la Mwenyekiti, aliyeagiza afisa apokewe vizuri. Mwenyekiti alijibu kwamba kupokea si kubebea mizigo. Katibu aliwaomba wote wawili washushe sauti.

KUMB. NA. 3/2025: RUFAA
Katibu alikumbusha jinsi Mzee na marehemu mkewe Agnes walivyokuwa wakishuka njia hiyohiyo siku za gulio, mama mbele akiimba, mzee nyuma na tenga la mboga. Sisi watoto tulikuwa tukiisikia sauti ile tunajua tumechelewa shule. Katibu anaikumbuka sana sauti ile, na anaomba radhi kuliandika hili.

Mwenyekiti alipendekeza afisa akirudi, Mzee asinyanyuke kitini. Mzee alikataa kuigiza.

Sufiani aliuliza, basi njia nyingine anapitaje.

"Nyingine ipi? Najua hiyo moja tu, niliyopita na Agnes miaka thelathini. Kwingine kote alinishika mkono. Afisa kaniuliza kama natembea, nami natembea. Tangu tumzike sijafika shamba, sijafika kanisani. Hata kaburini kwake sijarudi. Sijui pa kupita."

Hakuna mjumbe aliyekuwa akilijua hilo, na wote ni majirani zake.

AZIMIO: Rufaa iandikwe kwa maneno hayohayo ya Mzee, ipelekwe kesho.

KUMB. NA. 4/2025: KUFUNGA
Mengineyo hayakujadiliwa. Kikao kilifungwa saa 5:50 asubuhi ili wajumbe wampeleke Mzee Benedikto makaburini. Mwenyekiti na Sufiani walitangulia, bila kusemezana, wakimwondolea mawe njiani.

Mikidadi, Mwenyekiti: ..................
Raya, Katibu: ..................