Ukurasa wa Sita wa Maelekezo Yako

Nyumbani, meza ya dirishani,
Jumatano, tarehe 11.

Mpendwa mke mwenzangu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Hujambo? Kifua kimepona, au bado unakohoa huko kwenye baridi yako? Na mumeo je? Mie mzima, magoti tu ndiyo yamegoma. Babu yako mwili anao. Mengine nitayafikia, usinikimbize.

Naandika kwa mkono wangu. Mwalimu jirani alitaka kuniandikia, nikamwambia asante, darasa la nne nilifika kwa miguu yangu. Herufi zikipanda juu ya mstari, panda nazo.

Yale makaratasi yako tisa yamefika pamoja na simu. Umesema ni maelekezo ya daftari la ndani ya simu, ambalo mashine zenye akili zinalisoma na kuandika humo, ukataka nikuambie kama mtu asiyesoma sana anaelewa. Nimeelewa. Mwalimu alinisomea mara mbili. Mmoja wa hao mawakala wako, ndivyo unavyoziita hizo mashine, anakumbusha dawa, mwingine anamjibu babu yako akiuliza, na wote wanachungulia daftari hilo hilo. Ukurasa wa dawa ni mzuri, sikunyimi haki yako. Vidonge vya presha havikurukwa hata siku moja. Lakini hilo neno "mtumiaji" liondoe. Babu yako ametengeneza saa za watu miaka arobaini, leo aitwe mtumiaji kama nani?

Sasa nikufikishe panapouma. Ukurasa wa kwanza unasema tuanze kwa kuliambia daftari watu wa nyumba hii. Nikakaa, nikawataja wote kwa mdomo wangu, na baba yako nikamtaja: mtoto wetu wa kwanza, fundi rangi, alianguka kutoka kwenye ngazi akiwa kazini, akafa mwaka juzi. Sikuficha. Mie si mtu wa kuficha.

Kichwa cha babu yako unajua kinavyovuja. Tangu mwaka jana kila asubuhi ananiuliza, "Kijana ametoka?" Nami namjibu, "Ametoka mapema." Basi, anakunywa chai yake. Hilo hukulijua, kwa sababu asubuhi hupigi simu, na nyumba hii hujaikanyaga tangu mazishi. Hayo nayo yana siku yake.

Wiki iliyopita natoka kuanika nguo, namkuta chai imemwagika mapajani, analia kama msiba ndiyo kwanza umeingia. Nikadhani anaumwa. Baada ya saa moja ameshasahau alichokililia, ananiuliza, "Mama watoto, mbona macho yananiwasha? Umenikatia vitunguu usoni?" Kesho yake vile vile. Siku ya tatu nikajibanza nyuma ya mlango.

"Kijana ametoka?" akaiuliza simu.

"Mwanao wa kwanza alifariki mwaka juzi. Pole sana."

Tena kwa sauti tamu kabisa! Mke mwenzangu, babu yako amefiwa na mwana yule yule mara tatu ndani ya wiki moja, na mara mbili mimi niko uani na vibanio mdomoni.

Nikaingia nikaifokea, "Nani kakutuma?" Ikanijibu kwa adabu kwamba imesoma daftarini, na aliyeandikisha ni mimi. Nikaenda kwa mwalimu na makaratasi yako. Mwalimu akanionyesha ukurasa wa sita: wakala akiulizwa jambo, alitafute daftarini, ajibu kweli na kwa kifupi. Umeandika wewe. Mashine imefuata ulivyoiambia. Tumekosea sie wawili: mimi nilisema yote, na wewe hukuandika kwamba kuna mambo ya kujua na kuna mambo ya kusema. Hata mgeni akiingia nyumba yenye mgonjwa huangalia nyuso kwanza. Mashine yako haina pa kuangalia ila kwenye makaratasi yako, na makaratasi yako yamenyamaza.

Kwa hasira nikaiambia ifute habari za baba yako. Ikaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Ikauliza tena. Nikasema, "Nimeshasema ndiyo, mimi si mtoto." Ikafuta kila kitu, jina, ufundi, hata mwaka aliozaliwa.

Siku mbili tukapumua. Babu yako akiuliza, inamjibu kwamba mtu huyo hayumo daftarini, naye anacheka, "Mjinga huyu, mwanangu hamjui!" Jana hakucheka. Aliiweka simu magotini, akaniita polepole, "Mama watoto, sisi tuliwahi kuzaa mtoto wa kiume, au nimeota?"

Nikamwambia tulizaa. Akaniangalia kwa huruma, kama vile ninamdanganya nimliwaze.

Simu nimeizima, iko kabatini. Dawa nampa mwenyewe, na nimeshakosea mara moja.

Kwa hiyo sikuombi, nakuagiza. Andika ukurasa wa sita upya. Andika kwamba habari ya msiba haitoki kwa wakala. Akiulizwa, amwite mtu wa nyumbani, anyamaze. Halafu baba yako umrudishe daftarini wewe mwenyewe. Mimi siwezi kutamka mara ya pili kwamba amekufa. Na uandike alivyokuwa akipiga mluzi anapopaka rangi, na alivyokuwa akiipenda chai ya moto inayounguza ulimi, ili babu yako akiuliza wapate la kumwambia.

Msalimie mumeo, mwambie nguo nzito zivaliwe, hazikununuliwa kwa ajili ya kutundikwa. Shangazi yako aliyetuletea simu anakusalimu, na mwalimu pia, anasema mwandiko wako wa kompyuta ni mdogo mno kwa macho ya wazee. Mungu akufunike, akupe afya na moyo wa kurudi nyumbani.

Babu yako hakutuma salamu. Asubuhi hii nilipomwambia nakuandikia, aliniuliza wewe ni mtoto wa nani.

Akupendaye hata anapokufokea,
Bibi yako